Kibuyu cha Mzee Lohay na Mashine ya Sumaku

Kabla hujamwekea mtu sumaku kichwani, mvue hereni. Mvue cheni, saa na rozari, kisha umuulize kama ana chuma popote mwilini. Halafu muulize tena, kwa sababu mara ya kwanza atasema hana. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuja kwetu kutoka Samunge aliniapia kwamba hana chuma hata kidogo. Kweli alikuwa amevua hereni zote na kumkabidhi mkewe. Nilipomsaidia kukaa kwenye kiti nikaona sime kiunoni, chini ya shuka. "Hiyo si chuma, Sista," akaniambia kwa utulivu, "hiyo ni nguo." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na sime ikaenda kukaa nje na mke.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa uuguzi wa afya ya akili, hasa mtakaopangiwa huku juu, Karatu na Ngorongoro, ambako baridi na pombe ni ndugu wa baba mmoja. Mimi nimestaafu. Nimeuguza walevi kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kama mnataka habari za kuchangamsha, mtafuteni aliyestaafu wodi ya wazazi. Huko angalau watu huingia wakilia na kutoka wakicheka. Kwetu mara nyingi ilikuwa kinyume.

Aliyenifundisha kazi alikuwa muuguzi mwenzangu, Mzee Yohana, Mungu amrehemu. Mtu mrefu, mkali, asiyependa maneno. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: "Mlevi msalimie kabla hujamnusa." Ukimnusa kwanza, alisema, salamu yako itatoka na harufu, na yeye ataisikia. Nilidhani ni adabu tu. Baadaye nikaelewa kuwa ni tiba, maana mtu anayekuja kwako akiwa ameshatukanwa njia nzima hana sababu ya kukwambia ukweli.

Kanuni yake ya pili iliokoa watu wengi zaidi. Aliniambia nisimruhusu mnywaji mkubwa aache ghafla nyumbani. Familia zetu hupenda kumfungia mtu ndani na jagi la maji na Biblia. Siku ya pili mikono inatetemeka, vijana mnaiita arosto, siku ya tatu anaona nyoka ukutani, kisha degedege linamkamata na wakati mwingine anakufa. Ndugu wanasema pombe imemuua. Iliyomuua ni kukatishwa pombe bila dawa. Mleteni kwanza, tumtulize kwa vidonge, hayo mengine yatafuata. Likumbukeni hili hata kama mengine yote ya mwanamke mzee mtayasahau.

Basi mashine ilikuja na mradi, kama vitu vingi vizuri vinavyokuja huku, na ikaondoka na mradi. Ilikuwa kabati dogo lenye magurudumu, na waya mnene kama mpira wa maji ulioishia kwenye koili, kitu kama vitumbua viwili vilivyoshikana, cha kushikilia juu ya kichwa. Umeme ukipita humo unazaa sumaku, na sumaku inapenya fuvu bila kisu wala sindano. Daktari wetu, Elibariki, mzaliwa wa Rhotia, kijana mpole mwenye miwani, alitukusanya akatueleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayomsaidia mtu kujizuia, na kwa mlevi sehemu hiyo imelegea. Mashine inaigonga, inaigonga, mpaka iamke. "Lakini msiwaahidi watu muujiza," akasema. "Dunia nzima bado inaichunguza. Wengine watapata nafuu, wengine hawatapata, na hatujui nani ni nani." Nilimpenda kwa maneno hayo.

Kazi yenyewe ni ya mikono, msiogope jina lake. Unampima mgonjwa kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, unaweka alama kwa kalamu. Kwa wazee wa Kimaasai walionyoa ilikuwa starehe. Kwa dada zetu wenye rasta za kushonea ilikuwa vita. Kisha unatafuta nguvu ya kutumia: unasogeza koili taratibu huku ukitazama kidole gumba cha mkono wa upande wa pili. Ukipapata mahali penyewe, kidole kinaruka chenyewe. Hapo kila mgonjwa hushtuka. Mmoja aliniuliza kama naweza kurusha na mguu, ampige shemeji yake teke kisha aseme ni mashine.

Masikioni mzibeni pamba nzuri au vizibo, maana inapiga kelele ta-ta-ta-ta, inanyamaza, inaanza tena. Ndiyo maana mji mzima uliiita kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti. "Naenda kwa kigong'ota," watu walisema. Koili ikipata moto ipumzisheni. Baridi ya Karatu ilitusaidia kuliko feni. Umeme ukikatika mgonjwa akiwa kitini, usimwache peke yake gizani na mawazo yake. Kaa naye, muulize habari za shamba.

Mtu haketi tu akagongwa. Kwanza unamwamshia hamu, halafu ndiyo unaigonga, ili sumaku ikute kiu iko macho. Mradi ulituletea picha za kuwaonyesha wagonjwa: glasi za divai juu ya meza zenye mishumaa, watu weupe wamevaa suti. Wagonjwa wetu walizitazama kama wanavyotazama kalenda ya benki. Dereva mmoja wa watalii akasema, "Sista, hapo nakumbuka kazi tu, sikumbuki pombe." Daktari Elibariki akacheka, akaamua kila mgonjwa alete kitu chake mwenyewe cha kunusa: chupa ya bia, kikombe cha kilabuni, chochote kinachomtoa mate.

Ndivyo kibuyu cha Mzee Lohay kilivyoingia kliniki.

Mzee Lohay alitoka Mbulumbulu, mkulima wa ngano na maharage, Mwiraqw kama mimi. Sisi Wairaqw tuna sala ya baraka, slufay. Si kila mtu anaweza kuitoa. Mzee mwenye kipaji husimama mbele ya watu, kibuyu cha pombe mkononi, anayatoa maneno kama maji ya mfereji: mvua inyeshe, ng'ombe wazae, tumbo la bibi arusi lisikauke, uovu uende upande jua linakozama. Kila mstari watu wanaitikia kwa pamoja. Isipoitikiwa haijawa baraka, imekuwa mzee anayeongea peke yake. Lohay alikuwa bingwa. Nilimsikia nikiwa msichana, kwenye arusi ya binamu yangu, na nywele zilinisimama.

Lakini mtu anayeitwa kila arusi, kila mavuno na kila patano la ugomvi hupewa kibuyu kila mahali. Miaka ilivyopita akawa anakunywa na pasipo na baraka. Kufikia alipoletwa kwetu alikuwa analala mitaroni, na watu walikuwa wameacha kumwita.

Aliyemleta ni binti yake wa mwisho, Restituta, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa ameshaposwa. "Sista," akaniambia mbele ya baba yake, "mimi sitaki ng'ombe, sitaki sufuria. Nataka baba yangu asimame mzima siku ya arusi yangu anibariki mwenyewe. Ndugu wa mume wanasema watakodi mzee mwingine. Sitaki mzee mwingine."

Mzee Lohay alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

Akainua macho. "Marahaba, binti yangu. Nanuka, nisamehe."

"Hatujafika huko," nikamjibu, na nikamkumbuka Mzee Yohana.

Tulimtuliza kwa dawa mpaka mikono ikaacha kutetemeka, na Daktari aliporidhika tukamweka kitini. Alipoambiwa alete kitu cha kunusa, Restituta hakuleta kikombe cha kilabuni. Alikwenda nyumbani akaleta kibuyu chenyewe, kile cha baraka, cheusi kwa kushikwa, na pombe ya mtama iliyochacha vizuri ndani yake. Alitaka tiba ishike sawasawa. Kila siku ya wiki zile za tiba mzee alishika kibuyu, akanusa, koo likacheza, kisha tukamwondolea na kigong'ota kikaanza kazi. Tulifurahi sana, kwa sababu hakuna mgonjwa aliyeamshwa kiu vizuri kama yeye.

Na alipona. Sisemi kwa kujigamba, nasema nilichoona. Alikuja siku moja akaniambia, "Sista, nimepita mlangoni kwa yule mama wa pombe, nikasikia harufu, nikaendelea na safari. Miguu haikuniuliza." Alilima. Alinunua kofia. Restituta alinibusu mkono, nikaona haya.

Kisha, arusi ikiwa imekaribia, Mzee Lohay alirudi peke yake. Alikaa kwenye benchi la nje akizungusha ile kofia mkononi.

"Maneno hayapo," akasema.

"Maneno gani, mzee?"

"Slufay. Nimekwenda shambani nijaribu, nikasimama, nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Majina ya ng'ombe wa babu yangu nayajua. Nyimbo za kanisani nazijua. Hayo tu ndiyo hayapo. Mmegonga pombe na mmegonga na maneno."

Daktari Elibariki alimsikiliza muda mrefu. Alimweleza kwamba sumaku haina macho ya kuchagua shairi ndani ya kichwa ikaliacha jingine. Pengine pombe yenyewe ilishakula kumbukumbu. Pengine, kwa sababu hajawahi kuitoa baraka hata mara moja bila kinywaji, maneno yalizoea kuja na kinywaji, na mlango mmoja ukifungwa vyote vinabaki ndani. "Na sisi tulitumia kibuyu kilekile," akasema polepole. Kisha akavua miwani. "Mzee, sijui. Ningekudanganya nikisema najua."

Tukajaribu. Alikuja bustanini nyuma ya kliniki na kibuyu kimetiwa maziwa, mimi nikawa ule umati wa watu, niitikie. Alianza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, kisha akasimama, mkono hewani. "Najua hapa palikuwa na mto," aliniambia. "Mto wenyewe siuoni." Tulirudia mara nyingi, na kila mara alikwama ukingoni mwa mto ule. Nilimshauri aombe wazee wenzake wamkumbushe. Alinitazama kama nimemwambia aazime meno. Kila mwenye slufay ana yake, haifundishwi kama jedwali la kuzidisha.

Arusi ilikuwa nzuri kanisani. Mzee alimshika binti yake mkono, suti imepigwa pasi, mzima kabisa. Watu walinong'ona kwa kumsifu. Tulipofika nyumbani, wakati wa baraka, watu wakakaa kwenye majani, maharusi mbele. Mzee Lohay akasimama na kibuyu chake cha maziwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Upepo ukapita kwenye mahindi, tukausikia wote.

Mzee Boay, rika lake, mtu mwema tu, aliinuka akamwaga yale maziwa na kutia pombe humo. Akamrudishia. "Onja kidogo, ndugu yangu," akasema. "Kidogo tu. Yatarudi."

Nilimwona mzee akikitazama kibuyu. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona koo lake likicheza, kama siku za kwanza. Sikujua nimwombee nini. Nusu yangu ilitaka anywe, nimesikia baraka ile nikiwa msichana na nilitaka Restituta aipate. Hilo linaniuma mpaka leo.

Restituta aliinuka kutoka kwa mume wake, na shela na kila kitu, akakichukua kibuyu mikononi mwa baba yake, akamwaga pombe chini. Watu wakashtuka. "Baba," akasema, "nibariki hivyo hivyo ulivyo."

Mzee alimwekea mkono kichwani. Alisema, "Mwanangu, uishi." Basi. Hakuwa na zaidi. Na hakuna aliyeitikia, kwa sababu tulidhani ndiyo kwanza anaanza.

Mnajua vijijini maneno yanavyotembea. Mimba ya kwanza ya Restituta ilitoka. Mimi ni muuguzi, najua mimba hutoka kwa sababu nyingi na mara nyingi bila sababu. Lakini kilabuni na mnadani walikuwa na sababu yao: arusi haikuitikiwa, na bibi arusi alimwaga baraka chini kwa mkono wake. Walisema wazi, mbele ya baba yake. Mzee alikuja mbio kwetu siku hiyo, bado mzima, akitaka kukalishwa kitini, maana alisema kiu imerudi na ina hasira.

Mashine haikuwepo. Mradi ulikuwa umekwisha, wenyewe walisema ni mwisho wa awamu, wakaipakia mashine kwenye sanduku lake na sponji zake, wakatushukuru kwa chai. Daktari Elibariki aliwaandikia, akapiga simu, akaambiwa asubiri. Tulimpa mzee ushauri na vidonge, tukamtembelea nyumbani. Haikutosha. Nina uchungu na jambo hili na sitawaficheni. Kumwonyesha mtu mlango kisha kuuondoa mlango na fremu yake ni ukatili, hata kama hakuna mtu mmoja wa kumlaumu. Alirudi kunywa, safari hii bila kupumzika, na macho yakaanza kuwa ya njano.

Kwa hiyo, vijana wangu, mashine ikirudi huku, nayo itarudi, msimuulize mgonjwa anakunywa kiasi gani tu. Muulizeni anapokunywa huwa anafanya kitu gani, na anamfanyia nani. Mwingine anakunywa ndipo aweze kuimba, mwingine ndipo aweze kulala pembeni mwa mkewe bila ugomvi. Kile kitu kina thamani yake. Kitafutieni mahali pengine pa kukaa kabla hamjaanza kugonga.

Kazini nilibakiza siku chache nistaafu alipokuja mara ya mwisho. Ilikuwa mchana wa ukungu, kliniki haina watu. Chumba cha kigong'ota kilikuwa kimegeuzwa stoo, ila kiti kilikuwa bado pale, katikati ya maboksi ya glavu. Aliingia akipepesuka na kibuyu kwapani, akakaa kitini mwenyewe, akaegemeza kichwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Washa, Sista."

"Kimeondoka, mzee. Unajua kimeondoka."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akaanza, kwa Kiiraqw, kwa sauti ileile ya arusi ya binamu yangu. Mvua ikaja, ng'ombe wakaja, na alipofika pale alipokuwa akikwama akapita moja kwa moja: kulikuwa na mto, na mto ule ulibeba uovu wote kuushusha bondeni, na ng'ambo yake alikuwa amesimama Restituta na tumbo lake. Alimtaja kwa jina. Aliinua kibuyu. Kulikuwa na maboksi na mimi tu, na slufay haiachwi bila kuitikiwa. Nikaitikia. Kila mstari nikaitikia, mpaka mwisho.

Nilipogeuka, Restituta alikuwa mlangoni. Alikuwa amemfuata baba yake kutoka stendi. Nilimtazama mara moja nikajua ana mimba tena, changa, ya kuficha bado. Tulizoea kuona, sisi.

"Amelewa?" akauliza.

"Amelewa."

"Na maneno yamekuja."

"Yote."

Alitazama kibuyu kile alichokileta kwetu kwa mikono yake. "Nani ameitikia?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alivua viatu, akapita katikati ya maboksi, akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba," akasema, "anza tena."

Akaanza tena. Tuliitikia wawili, mimi nikilia, yeye amefumba macho na kitenge amekibana puani, kwa sababu harufu ya pombe ilikuwa inamtapisha. Mtoto alizaliwa salama, na babu yake tulikuwa tumeshamzika.